Panga usiku kwanza, mchana utajipanga

LIKIZO ya Agosti inapokaribia, si ajabu kusikia mazungumzo kama haya barazani Magogoni, huku Kisauni: "Mwaka huu watoto tusiwapeleke ufuoni tena. Bahari wameizoea. Tuwapeleke wakaone mlima na ziwa, walale hemani." Kila mtu huitikia. Atakayeleta sufuria hujulikana papo hapo, atakayeleta mchele pia, na kabla ya adhana ya Isha safari huwa imekwisha kupangwa.

Je, msomaji, umewahi kukaa katika baraza kama hilo? Iwapo umewahi, ngoja nikuulize swali moja. Kati ya yote yaliyopangwa hapo, ni mangapi yaliyohusu saa za usiku?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupanga safari ya aina hiyo, na nusura ituletee msiba.

Tulikuwa familia mbili, watu wazima watano na watoto sita. Tulikwenda kupiga kambi katika shamba la mwenyeji mmoja karibu na Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Mchana wa kwanza ulikuwa wa raha tupu. Watoto walicheza kwenye matuta ya mboga na kushangaa kuona ukungu ukipanda kutoka bondeni kama moshi wa jikoni. Lakini jua lilipozama, baridi iliteremka, na sisi tulikuwa tumebeba leso na shuka nyepesi kana kwamba tunakwenda kulala Bamburi.

Ilipotimia saa nne za usiku, watoto walikuwa wakitetemeka. Ndipo nilipoamua, tena kwa nia njema kabisa, kuliingiza ndani ya hema jiko la makaa tulilopikia chajio. Makaa yalikuwa bado mekundu. Tulifunga zipu ya hema ili joto lisitoke, tukalala.

Aliyetuokoa ni mama mwenyeji wetu. Alipotoka nje usiku kumtazama ng'ombe wake, aliona mwanga mwekundu ndani ya hema, akajua. Alifungua zipu huku akipiga kelele, akaanza kututoa mmoja mmoja. Kichwa kilikuwa kikinigonga na miguu haikunibeba. Mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka minne, aliitwa mara tatu, mara nne, asiitike. Alifumbua macho baada ya kupigwa na upepo wa nje kwa muda ambao mimi niliuona kama saa nzima, kisha akatapika na kuanza kulia. Sijapata kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Tulipotoka hospitalini asubuhi, mama yule hakutugombeza. Alisema tu: "Nyinyi watu wa Mombasa mwajua sana kupanga mchana. Usiku wa huku mngeuliza wenyewe."

Maneno hayo ndiyo msingi wa makala haya. Ukitaka kuipeleka familia yako kupiga kambi milimani na ziwani, panga usiku kwanza. Mchana utajipanga wenyewe.

Mlima na ziwa karibu na nyumbani

Watu wengi wa Pwani wakisikia kambi ya mlimani hufikiria Mlima Kenya au Naivasha, safari za mbali na za gharama. Wanasahau kwamba kaunti ya Taita Taveta, ambayo basi huifikia kwa muda wa asubuhi moja, ina milima na maziwa kwa pamoja.

Voi uko takriban kilomita 160 kutoka Mombasa. Hapo barabara ya kwenda Taveta huacha ile ya Nairobi na kuelekea magharibi. Ukifika Mwatate, utaona njia inayopanda kulia hadi Wundanyi. Huko ndiko kwenye kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, na msitu wa Ngangao. Mboga nyingi unazonunua katika soko la Kongowea huteremka kutoka milima hiyo.

Ukiendelea na barabara kuu utapita Bura na Maktau, ukatize nyika ya Tsavo Magharibi hadi mji wa Taveta. Kutoka Voi hadi Taveta ni kiasi cha kilomita 110, na siku hizi ni lami. Taveta ina maziwa mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni Chala, lililo kaskazini mwa mji kwa njia ya Loitokitok. Hili ni ziwa la volkeno, dogo la mviringo, lenye eneo la kilomita mraba nne hivi, lakini kina chake chapita mita 90. Kingo zake ni genge la mawe pande zote, na maji yake hubadilika rangi kati ya samawati na kijani kadiri jua linavyosogea. Huwezi kuliona mpaka ufike ukingoni kabisa.

La pili ni Jipe, lililo kusini. Hili ni kubwa, lapata kilomita mraba 30, lakini kina chake kwa kawaida hakifiki mita tatu. Limezungukwa na matete na mafunjo, na ng'ambo yake utaona milima ya Upare wa Tanzania. Maziwa yote mawili yako mpakani mwa Kenya na Tanzania.

Na juu ya yote hayo umesimama Kilimanjaro, mita 5,895. Ukiwa upande wa Taveta, kilele kilicho mbele yako ni Mawenzi chenye mawe yaliyochongoka, na Kibo chenye theluji kiko nyuma yake. Mlima huo hujitokeza alfajiri na jioni. Kuanzia saa tatu au nne za asubuhi aghalabu hujifunika mawingu, na atakayeamka saa nne ataambiwa tu kwamba ulikuwa pale.

Hesabu ya baridi

Sasa turudi kwenye usiku. Wanafunzi mnaosoma makala haya mtakumbuka somo la jiografia: kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii sita hivi. Mombasa, hata Julai na Agosti, usiku joto huwa digrii 20 au zaidi kidogo. Wundanyi uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Toa digrii nane, unabaki na 12. Panda hadi Vuria, na hesabu yashuka mpaka saba au nane. Ongeza ukungu na upepo juu yake, na mwili uliozaliwa Magogoni utadhani umeingizwa ndani ya friji.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya baridi na ukungu zaidi huko milimani. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo likizo ya Agosti ina ukavu lakini ina baridi, na ile ya Aprili ina utelezi na matope. Januari na Februari ni miezi mizuri, iwapo huna watoto wa shule.

Baridi ya usiku hutoka chini zaidi kuliko juu. Ukitandika shuka juu ya sakafu ya hema, ardhi itakunyonya joto mpaka alfajiri. Tandika kwanza turubai au nailoni, kisha mkeka, kisha godoro jembamba au blanketi lililokunjwa mara mbili. Ndipo ulale na kujifunika. Mikeka yetu ya Pwani, ambayo wengi tumeisahau kwa sababu ya zulia, hufanya kazi nzuri ajabu hemani.

Kuhusu nguo, huhitaji kwenda dukani. Nenda katika mitumba ya Kongowea ukatafute sweta za sufu, jaketi na kofia za mavini. Huku kwetu wanunuzi wake ni wachache, hivyo usione haya kuomba upunguziwe bei. Kila mtu awe na sweta mbili, suruali ndefu, soksi mbili na kofia. Nguo za kulalia zisiwe zile alizoshinda nazo mchana, kwa kuwa zile huwa na jasho, na jasho usiku hugeuka barafu.

Na jiko? Lisiingie hemani kabisa, liwe la makaa, la gesi au la mafuta ya taa. Lisiingie pia katika chumba kilichofungwa madirisha. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na anayeivuta husinzia tu, akaendelea kusinzia. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hayamwashi mtu macho akaamka. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge. Ukiziona kwa watu wawili hemani kwa wakati mmoja, toka nje na watu wote, kisha mkimbilie hospitali. Ukitaka joto, chemsha maji, uyatie katika chupa isiyovuja, uifunge kwa leso na kumpa mtoto aikumbatie. Chupa moja humtosha mpaka alfajiri.

Mfike jua likiwapo

Usiku wa kwanza ndio mgumu zaidi, kwa sababu hakuna anayejua choo kiko wapi wala mteremko uko upande gani. Basi panga safari yako ili hema liwe limesimama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kutoka Magogoni una njia mbili. Ya kwanza ni barabara. Mtavuka Daraja la Nyali, mpite kisiwani, kisha Changamwe, Mazeras na Mariakani. Mabasi ya kwenda Voi, Wundanyi na Taveta huondoka sehemu za Mwembe Tayari. Mkiwa kundi la watu kumi na zaidi, aghalabu ni nafuu kukodi matatu nzima ya abiria 14, mradi mkubaliane mapema kuhusu mafuta, malazi na chakula cha dereva. Ondokeni alfajiri, kwa sababu malori ya kutoka bandarini huijaza barabara ile kadiri jua linavyopanda.

Njia ya pili ni garimoshi la reli mpya lililoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kituo chake kiko Miritini. Hakikisheni mmekata tikiti ya garimoshi linalosimama vituo vya njiani, pamoja na Voi, kwa kuwa si yote yanayosimama. Watoto hulipenda mno, na wakati wa likizo tikiti huisha mapema.

Kutoka Mwatate kwenda Taveta, msisafiri usiku hata kama dereva anajigamba kuijua njia. Barabara hiyo hupita ndani ya makao ya ndovu. Ndovu gizani haonekani hadi umkaribie, na yeye hana taa za nyuma.

Mtalala wapi?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, hata kile kinachoonekana kichaka kitupu. Kuna njia tatu za halali.

Mosi, mwaweza kulala katika uwanja wa mwenyeji, kama tulivyofanya sisi. Ukiwa na jirani au mfanyakazi mwenzako Mtaita, anza na yeye. Atakuelekeza kwa watu wake, nanyi mtalipia mahali, choo, maji na kuni. Kwa familia yenye watoto, hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu usiku mna mtu wa kumwita.

Pili, kuna maeneo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Upande mmoja wa Ziwa Jipe uko ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na shirika hilo lina mahali pa kupiga kambi kandokando ya maji. Ada za kuingia hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen wala si pesa taslimu langoni, na raia wa Kenya hulipa nafuu wakionyesha kitambulisho. Ulizeni ada za mwaka huo kabla ya kufunga hesabu zenu, kwani hubadilika.

Tatu, kuna misitu ya serikali kama Ngangao, ambako lazima mpate idhini ya ofisi ya misitu. Isitoshe, Wataita wana mapango ya mababu ambamo mafuvu ya wazee yalihifadhiwa zamani. Hayo ni makaburi. Msiyakaribie bila mwenyeji, wala watoto wasiguse kitu.

Popote mtakapokuwa, msisimamishe hema katika mkondo mkavu wa maji, chini ya tawi lililokauka au kwenye njia ya wanyama. Mvua ya mlimani huweza kunyesha mbali nanyi, na maji yakawafikia mkiwa usingizini.

Usiku wa ziwani

Ukishuka kutoka Wundanyi hadi Taveta utavua sweta, kwa maana mji ule uko chini na una joto. Lakini usiku wa ziwani una mambo yake.

Kiboko hushinda majini, na giza likiingia hutoka kwenda kula majani. Hana ugomvi na hema. Ugomvi huja anapomkuta mtu amesimama kati yake na maji. Kwa hiyo, Jipe msikae mahali palipo na nyayo na njia zilizolimwa na viboko, na baada ya magharibi mtu asiende ukingoni hata kwa kuosha kikombe. Chotea maji mchana. Mtoto akitaka choo usiku, aende na mtu mzima mwenye kurunzi, baada ya kumulika pande zote.

Chala kunaonekana kutulivu zaidi, na huo ndio mtego wake. Maji ni safi, jua ni kali, na kijana aliyezoea kupiga mbizi Nyali hujiona bingwa. Humo mna mamba. Mwaka 2002 kijana mmoja Mwingereza aliyekuwa akiogelea ziwani humo aliuawa na mamba. Chala ni ziwa la kutazama, na hata kutazama kwenyewe mshike watoto mikono, maana ukingo ni genge.

Jipe nako mbali na mamba na viboko, maji yaliyotulia penye matete huweza kuwa na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Msioge humo wala msitembee ndani bila viatu. Mbu nao ni wengi, basi kila hema liwe na neti hata kama lina wavu wake, na mwenye mimba au mtoto mchanga apate ushauri wa daktari kuhusu malaria kabla ya safari.

Chakula msilale nacho. Nyani, fisi na hata siafu huvutwa na harufu. Yule shangazi asiyesafiri bila papa mkavu aelezwe kwamba papa atalala ndani ya gari, milango imefungwa.

Mizigo na kazi

Haya ndiyo orodha yangu baada ya kufunzwa na ulimwengu. Kwa kila hema: turubai, mkeka, neti, kurunzi mbili na betri za akiba. Kwa kila mtu: blanketi zito, sweta mbili, kofia, soksi, viatu vya kufunika miguu, na chupa ya maji. Kwa kundi zima: mitungi miwili ya lita 20, jiko, kiberiti kilichofungwa kwa nailoni, sufuria mbili, kisu, kamba, jembe dogo, mifuko ya taka, na sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji, dawa ya maumivu, chumvi ya kuongeza maji mwilini na dawa za kila mgonjwa wenu. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni wala si ndani ya begi la chini kabisa, maana baridi na vumbi huiamsha pumu.

Maji ya kunywa yapigiwe hesabu ya lita tatu kwa kila mtu mzima kwa siku, mbali na ya kupikia na kuoshea. Ya mtoni yachemshwe. Kwa wanaoswali, maji ya udhu ya alfajiri yapashwe moto. Niamini, msomaji, maji ya Wundanyi saa kumi na moja alfajiri hayana mzaha.

Gawaneni kazi kwa majina. Mmoja awe na funguo na fedha, mmoja awe na dawa, mmoja ahesabu watoto kila saa. Pale tulipokosea sisi ni kwamba kila mtu alikuwa msaidizi wa kila kitu, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na jukumu la kuuliza: "Hili jiko laingia wapi?"

Mwachieni jirani aliyebaki Magogoni karatasi yenye jina la mwenyeji, nambari ya gari, na siku mtakayorudi. Sehemu nyingine mlimani na mbugani simu haishiki. Penye mtandao, nambari 999 na 112 ndizo za dharura. Mkifika mahali, ulizeni hospitali iliyo karibu kabla ya kuuliza duka la soda. Na kwa kuwa mko mpakani, watu wazima wawe na vitambulisho, na msivuke upande wa pili kwa miguu eti kwa kuwa hakuna ua.

Fedha zitoke wapi?

Safari ya siku nne kwa familia moja si mzaha, hasa Agosti ambapo karo ya muhula wa tatu inabisha hodi. Akina mama wa mtaani wana dawa yake tangu zamani: chama. Familia nne zikianza kuchanga kidogo kidogo kila wiki kuanzia Januari, ifikapo Agosti nauli na ada zitakuwa zimelipwa bila mtu kukopa. Tengeni pia fungu la dharura la kurudi nyumbani usiku wowote. Fedha hizo msizile. Mkirudi salama, zirudi chamani.

Mahema nayo si lazima mnunue. Ulizeni vikundi vya maskauti na shule zilizo na vilabu vya mazingira, maana hema nyingi hukaa stoo miezi kumi kwa mwaka.

Faida kwa mwanafunzi

Mzazi aweza kuuliza: kwa nini taabu yote hii? Jibu ni kwamba mtoto wa kidato atajifunza huko kwa siku nne mambo ya muhula mzima.

Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya mfululizo wa milima ya kale sana unaoshuka hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Misitu yake midogo ina ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani. Chini ya Ziwa Chala, mwaka 2016 wanasayansi walichimba matope hadi zaidi ya mita 200, ili wasome humo historia ya mvua na ukame wa Afrika Mashariki. Ziwa Jipe hupata maji ya Mto Lumi kutoka Kilimanjaro, huyatoa kwa Mto Ruvu, nao huungana na Pangani na kumwaga katika Bahari ya Hindi. Kwa hivyo maji hayo hatimaye huja katika bahari ileile inayomlaza mtoto wako.

Njiani kabla ya Taveta ipo pia Salaita, kilima ambapo majeshi ya Mwingereza yalishindwa na Wajerumani tarehe 12 Februari 1916. Reli ya Voi hadi Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Mwanafunzi akisimama pale, mambo ya kitabuni hupata mahali.

Anzeni uani

Mwaka uliofuata tulirudi Wundanyi kwa mama yuleyule. Safari hii tulimpelekea mchele, nazi na sukari, nasi tukawa na mablanketi mpaka akacheka. Jiko lililala nje, limemwagiwa maji. Siku ya tatu tukashuka Taveta, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumesimama karibu na ukingo wa Chala. Mtoto wa dada yangu, yule ambaye hakuitika, alinishika mkono, akanionyesha Mawenzi na kuuliza kama pale juu kuna watu wanaolala. Nikamwambia wapo, wanaopanda. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Basi na wao waweke jiko nje."

Kabla hujaondoka na familia yako, nakuomba ufanye jambo moja ambalo halina gharama. Ijumaa moja jioni, simamisha hema uani, hapo hapo Magogoni. Laleni humo mpaka asubuhi, bila kuingia nyumbani kuchukua chochote. Kila mtakachokihitaji usiku mkakikosa, kiandikeni. Orodha hiyo, ongezeni mablanketi juu yake, ndiyo ya kwenda nayo mlimani.